Baiskeli na saa za maji: kisa cha njia ya Hori ya Tudor hadi Rabai

Kikundi kimoja cha waendesha baiskeli wa kisiwani Mombasa kilitaka kufungua njia ya kutwa moja. Ianzie Fort Jesus, ivuke Daraja la Nyali, ifuate Hori ya Tudor, ghuba nyembamba inayoingia bara, kwa upande wa Kisauni mpaka Rabai, kisha irudi kwa upande wa pili kupitia Jomvu, Mikindani na Makupa. Waliitaka iwe njia ya familia na wageni, ya mwendo wa taratibu, maji upande mmoja na miji ya kale upande mwingine. Walipoijaribu ilikatika kabla ya nusu. Wakagawanyika: wengine wakataka kuihamishia barabara kuu ya Nairobi, wengine wakataka kuiacha kabisa. Waliniomba niutazame mpango wao. Nilitembea nao, nikakaa nao barazani, na haya ndiyo niliyoyaona. Jina la kikundi siliweki, kwa kuwa yaliyowapata yanaweza kumpata yeyote anayepanga njia katika pwani hii.

Mfano walioufuata

Wazo lilitoka kwa mmoja wao aliyekwenda Austria kumtembelea dada yake. Ndugu hao wawili waliendesha kando ya mto Danube kutoka Passau, mji wa Ujerumani ulio mpakani, hadi Vienna, safari ya zaidi ya kilomita 300. Aliporudi hakuchoka kuisimulia, na kwa kweli ina mengi ya kusimuliwa. Passau ndipo inapokutana mito mitatu, Danube, Inn na Ilz. Kutoka hapo njia inateremka pamoja na maji, na mteremko wenyewe ni mdogo mno: kimo cha Passau na cha Vienna vinapishana kwa kama mita 150 tu. Ndiyo maana wazee na watoto wanaimaliza. Njiani kuna Linz, kuna Melk na monasteri ya Wabenedikto waliohamia hapo mwaka 1089, kisha linaanza bonde la Wachau, ambalo UNESCO ililiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2000. Huko mizabibu imepandwa kwenye matuta ya mawe, na vijijini wanauza aprikoti msimu wake ukifika. Juu ya mji mdogo wa Dürnstein yapo magofu ya ngome alimofungwa mfalme Richard wa Uingereza majira ya baridi ya mwaka 1192 kuingia 1193, alipokuwa akirudi kutoka vita vya msalaba.

Njia hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya baiskeli. Zamani mashua zilizobeba chumvi, nafaka na mvinyo zilipandishwa mto kwa kuvutwa na farasi, msafara mmoja ukiwa na makumi ya farasi. Farasi hao walihitaji njia ngumu, tambarare, iliyoshikana na maji. Katika karne ya 19 meli za moshi zikaanza safari za kudumu, farasi wakaondoka, njia yao ikabaki. Katika miaka ya 1980 ndipo baiskeli zilipofunguliwa njia palipokuwa pa farasi, vikawekwa vibao, na wanakijiji wakaanza kukodisha vyumba.

Mwenzetu akatazama ramani ya kwao akaona hori, akaona miji ya kale, akaona mashamba ya minazi. Akauliza tunakosa nini. Swali zuri, na linastahili jibu la kweli.

Miji wanayo

Kwanza niliseme hili kwa uzito, maana katika mabishano lilisahaulika. Kuhusu historia, kikundi hakikukosea hata kidogo. Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, na mwaka 2011 ikaingia katika urithi wa dunia. Ukitoka mlangoni pake unaingia Ndia Kuu, na hatua chache mbele upo Msikiti wa Mandhry, wa mwaka 1570. Asubuhi na mapema mitaa hii ni ya baiskeli kuliko gari: myembamba, ina kivuli, na harufu ya mahamri inakufuata kona hadi kona. Kisha Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 likachukua nafasi ya lile la kuelea la mwaka 1931.

Ng'ambo ya daraja ndipo njia hii inapoizidi ile ya Danube kwa kitu kimoja, nami nashikilia hivyo: vituo vyake vinasimulia kisa kimoja kwa mpangilio. Mkomani lipo kaburi la Rosina Krapf, aliyefariki mwaka 1844 pamoja na mtoto wake mchanga, mwaka uleule alioingia Mombasa na mumewe, mmisionari Johann Ludwig Krapf. Mwendo mfupi kutoka hapo ni Kengeleni, penye kengele ya Frere Town, makao yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Ilipigwa kuwaonya wakazi hatari ilipokaribia. Mwisho wa hori kuna Rabai, ambako Krapf na Johannes Rebmann walijenga misheni mwaka 1846. Huko ndiko Rebmann alikoondokea kabla ya kuiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia misheni hizo, na mwanzoni mwa mwaka 1889 zaidi ya 1,400 miongoni mwao walitolewa hati za uhuru baada ya mabwana wao kulipwa fidia. Mtu akitoka Mkomani asubuhi akafika Rabai mchana, amepita ndani ya miaka 45 ya historia ya nchi hii, kutoka kaburi la mgeni hadi hati ya uhuru wa mwenyeji.

Katikati ya hori yupo mwenyeji mwingine wa zamani zaidi: Jomvu Kuu. Wajomvu ni mmojawapo wa mataifa ya Tisa Taifa, yaani makundi tisa ya Waswahili wa Mombasa, na mji wao ulikuwa kiungo kati ya Waswahili wa kisiwani na Mijikenda wa milimani, nafaka na pembe za ndovu zikishuka, nguo na shanga zikipanda. Juu yake, Rabai, zipo kaya, misitu mitakatifu iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Kayani mtu haingii na baiskeli yake. Anaiacha nje, anaomba idhini ya wazee, anafuata masharti. Kikundi kilikuwa kimeliandika hilo katika mpango tangu siku ya kwanza, na linawapa heshima.

Palipokatika

Siku ya majaribio waliondoka alfajiri. Hadi Kengeleni hakuna kilichowasumbua isipokuwa magari ya matatu. Wakashika Kisauni, wakapita Mishomoroni, wakiongozwa na mstari kwenye simu uliokuwa ukiwaonyesha kijia kando ya maji. Kijia kipo kweli. Ni cha wavuvi na wakata kuni, kinapita nyuma ya nyumba, kinakatiza mashamba ya watu, mahali pengine kimezibwa na ukuta mpya. Kila kilipoyakaribia maji kilizidi kuwa chembamba, mpaka kikaingia ndani ya mikoko na kugeuka tope. Kati ya saa nne na saa tano asubuhi walikuwa wamesimama matopeni, baiskeli moja imezama hadi kwenye ekseli, hori yenyewe iko mbali kama uwanja mweusi wenye mifereji. Wakarudi.

Maelezo ya haraka yaliyotolewa jioni ile yalikuwa mawili: ramani ya simu ni mbovu, na kaunti haijajenga njia. Yote mawili yana ukweli ndani yake, ila hayafiki kwenye chanzo.

Chanzo ni maji. Danube huwa na mafuriko ya kutisha. Juni 2013 mto ulipanda mjini Passau hadi karibu mita 13 na mitaa ya kale ikafunikwa. Lakini siku za kawaida mto ule unakaa mahali pake, na ukingo unaouona asubuhi ndio utakaouona jioni. Hori ya Tudor ni mkono wa bahari. Maji yake hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Ardhi ikiwa tambarare, mita 3 za kwenda juu ni mamia ya mita za kwenda kando. Ukingo wa hori ni eneo zima, na wenye eneo hilo ni mikoko na michu, miti ya maji ya chumvi inayoshika udongo, inayolea kamba na samaki wachanga. Ukitaka kupasua njia ngumu pale itabidi uikate na ujaze kifusi. Mpango wa baiskeli ukifika hapo umekuwa mpango wa kuharibu kile ulichotaka watu wakione. Kwa hiyo hata kaunti ikipata fedha kesho, mimi ningepinga njia ya ukingoni katika sehemu ile ya juu.

Tena siku yenyewe waliichagua kwa kalenda ya kazi. Ilikuwa Jumapili, mwezi umetoka tu kuwa mpevu. Kila mvuvi wa Mombasa anajua tabia ya bamvua hapa kwetu: maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na asubuhi kati ya saa nne na saa tano ndipo yanapokauka kabisa. Hawakuweza kuchagua saa mbaya zaidi ya kuwa pale.

Barabara kuu

Pendekezo la kwenda na kurudi kwa barabara ya Nairobi sikulichambua kwa muda mrefu. Kati ya Changamwe na Miritini kuna yadi za makontena pande zote mbili, na hatari haitoki kwa mwendo wa trela peke yake. Inatoka zinapokata kuingia yadini, dereva akiwa juu kabisa asimwone mtu wa baiskeli aliye ubavuni mwake. Wapo wanaopita hapo kila siku na mitungi ya maji na magunia ya mkaa kwenye keria, na wanastahili ulinzi kuliko mtalii yeyote. Lakini huwezi kumwambia mama aje na mtoto wa miaka 10 apite pale kwa starehe. Isitoshe, ukiwa barabarani hori huioni.

Jibu lililokuwamo ndani ya mfano

Kilichofungua mjadala ni mzee mmoja wa Jomvu Kuu, mvuvi, aliyewasikiliza mpaka mwisho wakieleza walivyokwama. Kisha akasema, "Wanangu, ndia ya Rabai ni mai. Mulikuwa mwatafuta nini topeni?" Hakusema kwa dharau, alikuwa akistaajabu kweli. Kwa vizazi vingi watu wa kisiwani walikwenda Rabai kwa chombo. Wanasubiri maji yaanze kujaa, wanapanda nayo hadi mwisho wa hori, kisha wanapanda mlima kwa miguu. Krapf na Rebmann nao walipita hivyo hivyo.

Hapo nikamuuliza mwenzetu wa Danube: ulivuka mto mara ngapi, na kwa nini? Akaanza kuhesabu, akanyamaza, halafu akaeleza mwenyewe. Karibu na Schlögen, Danube inapojikunja ndani ya korongo, ukingo wa kushoto hauna njia. Miamba inashuka hadi majini. Waendesha baiskeli wanapanda chombo kinachowachukua kuufuata mto, kisha wanashuka na kuendelea. Wachau nako, kati ya Spitz na Arnsdorf, kuna kivuko kisichotumia injini: kimefungwa kwenye waya uliokatiza mto, na mkondo wenyewe ndio unaokisukuma ng'ambo. Alikuwa amepanda vyote viwili. Alipochora ramani ya Tudor alikumbuka lami na vibao, akayasahau maji aliyosafiri juu yake.

Kwa maoni yangu hapa ndipo ulipo moyo wa kisa hiki. Njia ya Danube ni nzuri kwa sababu iliwekwa juu ya kazi ambayo watu wa mto walikwisha kuifanya: farasi walipopita, baiskeli inapita, walipotumia chombo, baiskeli inapakiwa. Kikundi kilichukua nusu ya somo, yaani ukingo, kikaipeleka mahali ambapo watu hawakuwahi kutumia ukingo. Tudor ina njia yake ya kazi tayari, na njia hiyo imo ndani ya hori.

Mpango mpya

Mpango tuliouandika upya unafuata saa za maji. Siku tatu au nne kabla ya mwezi kuandama, au kabla ya kuwa mpevu, maji hukauka Tudor mnamo saa moja asubuhi na kujaa mnamo saa saba mchana. Kila siku saa zinasogea mbele kwa kama dakika 50, zikipungua au kuzidi, kwa hiyo tarehe kamili ichaguliwe kwa jedwali la maji la bandari ya Kilindini. Wazee wa Jomvu wanaipata siku hiyo kwa kuhesabu mwezi.

Kwa siku kama hiyo, watu wanaondoka Fort Jesus saa kumi na mbili alfajiri, kabla ya jua na kabla ya matatu. Wanapita Mji wa Kale, daraja, Mkomani, Kengeleni, bila haraka, na kunywa chai ya asubuhi Kisauni. Saa nne wanapakia baiskeli kwenye mashua ufuoni upande wa Kisauni, maji yakiwa yameshapanda vya kutosha. Wanapanda hori pamoja na maji, mikoko pande zote mbili, wanatua Jomvu Kuu kwa muda mfupi, na kufikia saa sita na nusu wako mwisho wa hori upande wa Rabai. Kutoka hapo ni barabara ya udongo na kupanda mlima. Kimo kinapita mita 100, na wengi watashuka wasukume. Juu kuna kanisa, makumbusho, madafu ya baridi, na upepo. Chombo hakiwangoji zaidi ya saa tisa, maana baada ya hapo mifereji ya juu inakauka na watakwama kama walivyokwama mara ya kwanza. Maji yanayotoka yanawarudisha kisiwani kabla ya magharibi.

Kilomita za kuendesha zimepungua sana, na vijana wawili wa kikundi hawakufurahi. Wao wanataka jasho. Nawaelewa, na njia yao ipo: kutoka Rabai lami inakwenda Ribe na Kaloleni, yenye milima ya kutosha. Ila hiyo ni njia nyingine, na si ya familia.

Masharti mengine tuliyapitia kwa ufupi. Kila abiria avae jaketi la kuokolea, mtu mzima na mtoto. Baiskeli zilazwe, pedeli zifunguliwe, usukani ufungwe kamba ili mashua ikiyumba zisimwangukie mtu. Jioni cheni ioshwe kwa maji matamu na kupakwa mafuta, maana chumvi haisubiri kesho. Msimu bora ni Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi. Mvua za masika zikianza, mlima wa Rabai unakuwa utelezi na safari zisimame.

Kuhusu fedha nilisimama imara. Nauli ya mashua, chakula cha Jomvu na ada ya kiongozi wa Rabai viingie katika bei ya safari tangu mwanzo na vilipwe kwa wenyeji moja kwa moja. Wachau wanaitunza njia kwa sababu mwenye shamba la mizabibu anauza, na mwenye kivuko anapata nauli. Mvuvi wa Jomvu akiwa anapata siku ya kazi kutokana na hori safi, atakuwa wa kwanza kumkemea anayekata mikoko usiku.

Jambo moja halijapatiwa suluhisho: mahali pa kutua upande wa Rabai. Sasa hivi watu wanashukia kwenye tope lenye mawe machache, jambo ambalo mvuvi analimudu na mtoto mwenye baiskeli halimudu. Kikundi kinataka ngazi fupi ya mbao. Ardhi ile ina wenyewe, mikoko iliyopo iko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, na wavuvi wanaotua hapo wana haki ya kusikilizwa kabla ya fundi kuitwa. Nimewashauri waanze na wavuvi, kisha mwenye ardhi, kisha ofisi. Na mpaka idhini zote tatu zipatikane, safari ziwe za watu wazima peke yao, baiskeli nane kwa kila mashua, na wote wajue kwamba watashuka na viatu mkononi.